Kujifunza Mkakati wa Msingi wa Blekijeki

Blekijeki ni mchezo wa karata wa kasino ambamo kila mchezaji hushindana na mgawaji, yaani mfanyakazi wa kasino anayegawa karata, wala hashindani na wachezaji wengine walioketi mezani. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa thamani zake, jeki, malkia na mfalme huhesabiwa 10 kila moja, na ree huhesabiwa 1 au 11 kutegemea hesabu ipi inamfaa mwenye nayo. Hushinda yule ambaye jumla yake inakaribia zaidi 21 bila kuivuka. Mchezaji hupewa karata mbili, na mgawaji hujigawia mbili, moja ikiwa wazi na nyingine imefunikwa. Karata hiyo ya wazi ndiyo inayoongoza karibu kila uamuzi wa mchezaji.

Mkakati wa msingi ni jedwali linaloonyesha, kwa kila jumla ya mchezaji ikikutana na kila karata ya wazi ya mgawaji, tendo ambalo kwa wastani huleta faida kubwa zaidi au hasara ndogo zaidi. Jedwali hilo lilitokana na hesabu. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa katika jeshi huko Aberdeen, Maryland, yaani Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha mkakati huo katika jarida la kitaaluma la takwimu, baada ya kuukokotoa kwa mashine za kuhesabia za mezani. Baadaye Edward Thorp aliurekebisha kwa kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu cha *Beat the Dealer* kilichoueneza kwa umma.

Sababu kabla ya jedwali

Anayekariri jedwali bila kuelewa sababu zake hulisahau upesi, hivyo inafaa kuanza na mambo mawili. La kwanza ni kwamba mchezaji hucheza kabla ya mgawaji, na akivuka 21 hupoteza dau lake papo hapo, hata kama mgawaji naye atavuka baadaye. Hapo ndipo penye chimbuko la faida ya kasino. La pili ni kwamba mgawaji hana hiari, kwa kuwa kanuni humlazimu kuongeza karata akiwa na 16 au pungufu na kutulia, yaani kutoongeza karata, afikapo 17. Kwa sababu hiyo, mgawaji mwenye 5 au 6 ya wazi huvuka 21 takriban mara 42 katika kila 100, ilhali mwenye 7 huvuka takriban mara 26 tu. Mgawaji akiwa dhaifu, mchezaji hujiepusha na hatari na kumwacha ajiangushe mwenyewe. Akiwa na nguvu, mchezaji hulazimika kuitafuta jumla kubwa.

Mpangilio wa kujifunza

Maelekezo yafuatayo yanahusu meza inayotumia pakiti kadhaa za karata, ambako mgawaji hutulia kwa 17 ya aina yoyote na mchezaji huruhusiwa kuongeza dau hata baada ya kutenganisha jozi.

Mwanafunzi aanze na jumla ngumu, yaani zile zisizo na ree inayoweza kuhesabiwa 11. Kwa 17 na zaidi hutulia daima. Kwa 13 hadi 16 hutulia mgawaji akiwa na 2 hadi 6, na huomba karata akiwa na 7 hadi ree. Kwa 12 hutulia tu dhidi ya 4, 5 na 6. Uamuzi unaowasumbua wengi ni 16 dhidi ya 10, kwa kuwa aina 8 kati ya 13 za karata humvusha mchezaji 21. Hata hivyo, anayetulia hushinda tu mgawaji akivuka, jambo linalotokea chini ya mara moja katika nne, hivyo kuomba karata kuna hasara ndogo kidogo kuliko kutulia.

Hatua ya pili ni kuongeza dau maradufu, ambapo mchezaji huweka dau la pili lililo sawa na la kwanza na kupokea karata moja tu. Hufanywa kwa 11 dhidi ya 2 hadi 10, kwa 10 dhidi ya 2 hadi 9, na kwa 9 dhidi ya 3 hadi 6.

Hatua ya tatu ni jumla laini, zenye ree inayohesabiwa 11, ambazo karata moja zaidi haiwezi kuzivusha 21. Ree na 8 au 9 hutulia. Ree na 7 huongezewa dau dhidi ya 3 hadi 6, hutulia dhidi ya 2, 7 na 8, na huombewa karata dhidi ya 9, 10 na ree, kwa kuwa 18 mara nyingi haitoshi hapo. Ree na 6 haitulii kamwe: huongezewa dau dhidi ya 3 hadi 6, na kwingineko huombewa karata.

Mwisho huja jozi, yaani karata mbili za thamani sawa, ambazo mchezaji huweza kuzitenganisha ziwe mikono miwili kwa kuweka dau la pili. Ree mbili na 8 mbili hutenganishwa daima. 10 mbili na 5 mbili hazitenganishwi kamwe. Jozi ya 9 hutenganishwa dhidi ya 2 hadi 9 isipokuwa 7, kwa sababu 18 huishinda 17 ambayo mgawaji mwenye 7 huipata mara nyingi.

Bima, yaani dau la pembeni linalotolewa mgawaji akionyesha ree, ikataliwe. Hulipa 2 kwa 1, kwa hiyo ingehitaji karata iliyofunikwa iwe ya thamani ya 10 mara moja katika kila tatu, ilhali karata hizo ni 16 tu kati ya 52.

Mazoezi na uchaguzi wa meza

Njia nzuri ya mazoezi ni kujigawia karata mbili nyumbani, kufunua moja ya mgawaji, kutaja uamuzi kwa sauti na kuulinganisha na jedwali, huku michanganyiko inayokosewa ikirudiwa zaidi. Kasino nyingi za Marekani humruhusu mchezaji kulitazama jedwali hilo mezani mradi asicheleweshe mchezo.

Hata hivyo, umahiri huo huweza kubatilishwa na meza mbaya. Blekijeki yenyewe, yaani ree na karata ya thamani ya 10 katika mgawo wa kwanza, inapaswa kulipwa 3 kwa 2; meza inayolipa 6 kwa 5 humwongezea mchezaji hasara ya takriban asilimia 1.4, ilhali mkakati kamili kwenye meza nzuri hupunguza faida ya kasino hadi takriban nusu ya asilimia moja. Anayeweka dola 10 mara 60 kwa saa atapoteza wastani wa dola 3 kwenye meza nzuri, na zaidi ya dola 11 kwenye ile nyingine.

Mkakati wa msingi, basi, hupunguza gharama ya mchezo bila kuufanya kuwa njia ya kipato, na anayeujifunza apeleke mezani fedha za burudani pekee.