Somo la Pumzi Ndani ya Timbo

Ukitaja kupiga mbizi, wengi wetu hufikiria Watamu na samaki wa rangi rangi. Lakini kule Leicestershire, Uingereza, watu hupiga mbizi ndani ya timbo! Stoney Cove palichimbwa mawe hadi mwaka 1958. Kazi ilipokoma, maji ya chemchemi yalilijaza shimo hilo, kina chake kikapita mita 30. Baadaye wapiga mbizi wa visima vya mafuta vya baharini walifunzwa humo. Hakuna mawimbi wala mkondo, na kingo zilizochongwa na wachimbaji zinashuka kama ngazi: mwanafunzi akifuzu ya juu, huteremka ya pili.

Sasa hebu tuingie kwenye hesabu. Huku juu hewa inatubana kwa kipimo 1. Kila mita 10 za maji huongeza kipimo 1 kingine. Kwa hiyo kwenye mita 30 mtu anabanwa mara 4, na kila pumzi anayovuta mtunguni ina hewa mara 4 ya pumzi ya huku juu. Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa mara 200 una lita 2,400. Ukitumia lita 20 kwa dakika, huku juu utakutosha dakika 120. Kule chini ni dakika 30 tu, na hapo hujaweka akiba ya kurudi!

Kuziba pumzi kunaweza kuua. Ukivuta pumzi kwenye mita 10 kisha upande umeibana, hewa hiyo itataka nafasi maradufu kifuani. Mapafu si puto, yatapasuka. Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kupumua mfululizo, na kupanda polepole.

Haya yote ni ya mtu mwenye mtungi, mwalimu na mwenzake kando. Mashimo ya mawe ya huku kwetu hujaa maji ya masika, na watoto wamefia humo. Ukingo wake umekatwa wima kama ukuta: hatua moja umesimama, ya pili huna chini. Maji ya juu yamepashwa na jua, ya chini ni baridi ya kukaza misuli. Hata anayejua kuogelea hukosa pa kushika.

Zoezi: Mtungi wa lita 10 umeshindiliwa mara 200. Mpiga mbizi anatumia lita 20 kwa dakika huku juu. Akiwa mita 20, utamtosha dakika ngapi? (Kidato cha Kwanza, msiwaulize wakubwa!)