Dondoo muhimu: Tovuti ya biashara ndogo Mawaleh

Una mgahawa, saluni au duka la vitambaa Mawaleh, Oman? Zingatia haya kabla ya kumlipa fundi wa tovuti.

• Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Mkiachana, tovuti inabaki yako.

• Mfumo uwe rahisi, uweze kubadili bei na picha mwenyewe. WordPress, iliyoanza 2003, ni ya bure. Utalipia jina na seva.

• Lugha: hakikisha kiolezo kinakubali Kiarabu, na menyu zote zigeuke kuanzia kulia. Kiingereza na Kiswahili vifuate.

• Bei: riali moja ni baisa 1,000, basi weka desimali tatu: 2.500, si 2.50. Eleza kama VAT ya asilimia 5 imo ndani.

• Mawasiliano: weka kitufe cha WhatsApp, namba ianze na +968. Onyesha ramani, saa za Ijumaa na za Ramadhani.

• Usalama: sasisha programu-jalizi mara kwa mara. Hifadhi nakala ya tovuti kila wiki, nje ya seva.

• Majaribio: ifungue kwa simu ya bei nafuu. Ikichelewa, punguza ukubwa wa picha.