Kivuli cha Mti na Kivuli cha Bati: Mfuniko wa Ardhi, Mwanga wa Jua na Joto la Udongo Katika Kibera na Kawangware

Utangulizi

Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au kichaka. Wanajeshi Wanubi waliopewa makao hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 waliliita eneo hilo kwa kile kilichoifunika ardhi yake. Msitu umetoweka, mabati yameshika nafasi yake, lakini jina limesalia. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba kuzuia mwanga wa jua si sawa na kuzuia joto, na kwamba neno kivuli, lisipofafanuliwa, huificha tofauti hiyo.

Istilahi za Msingi

Mfuniko wa ardhi ni chochote kilichoutanda udongo: uoto, matandazo, lami au paa. Mnururisho wa jua unapoufikia mfuniko huo, sehemu yake huakisiwa, sehemu hufyonzwa, na inayosalia hupenya hadi chini. Joto la udongo nalo hutajwa pamoja na kina chake. Uso wa udongo mtupu hupanda na kushuka joto mno baina ya mchana na usiku, ilhali katika kina cha nusu mita badiliko la siku moja ni dogo sana.

Kivuli cha Mti

Jani hufyonza sehemu kubwa ya mwanga, lakini halilirushi joto lote chini. Maji yatokayo mizizini huvukizwa kupitia vitundu vya majani, na kila kilo moja ya maji inayovukizwa huchukua takriban kilojuli 2,400 za nishati. Aidha, udongo ulio chini ya mti hukawia kukauka. Maji huhitaji takriban mara tano ya joto linalohitajiwa na udongo mkavu wa uzito uleule ili kupanda nyuzi moja; kwa hiyo udongo wenye unyevu hupata joto polepole.

Kivuli cha Bati

Bati huzuia mwanga kuliko mti, kwani halipenyeki. Hata hivyo, halina maji ya kuvukiza. Bati jipya huakisi sehemu kubwa ya mwanga; likishika kutu hufyonza zaidi. Joto linalofyonzwa hulipasha bati lenyewe, nalo hulirusha ndani ya chumba. Basi sakafu yaweza kuwa baridi kuliko uwanja ulioanikwa juani, na bado aliyeketi juu yake akatokwa na jasho. Usiku bati hupoa upesi, na katika miezi ya Juni hadi Agosti mkaazi yuyo huyo huumwa na baridi.

Bustani za Magunia

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Solidarités lilieneza Kibera kilimo cha sukumawiki katika magunia. Gunia hupigwa jua juu na ubavuni, hivyo udongo wake hupata joto haraka kuliko wa shambani. Miche inayopandwa katika matundu ya ubavuni huwa chakula na kivuli kwa wakati mmoja. Matandazo ya nyasi kavu juu ya gunia huongeza kinga na kuhifadhi unyevu.

Suala la Vipimo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha joto la hewa la Kibera, Mathare na Mukuru na lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, chenye nyasi na miti. Mitaa hiyo ilibainika kuwa na joto zaidi. Kawangware haikuwamo, ijapokuwa iko karibu na kituo hicho. Tusidhani basi kwamba ukaribu huo unatosha: kipimo kilichochukuliwa penye nyasi hakimwelezi anayeishi chini ya bati.

Hitimisho

Kisarufi, cha mti na cha bati ni vivumishi vya a-unganifu tu. Kimaisha, ndivyo vinavyotenganisha nafuu na dhiki. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuzifafanua istilahi hizi kwa lugha inayoeleweka, ili mkaazi wa Kibera au Kawangware anaposhauriwa kutafuta kivuli aweze kuuliza: kivuli cha nini?