KUPANDA NA KUSHUKA PIKIPIKI YENYE MZIGO



Kila siku ya kufungua shule, langoni kwetu hapa Jangwani hufika pikipiki nyingi kutoka upande wa Kariakoo. Nyuma ya pikipiki utaona tranka, juu ya tranka godoro, juu ya godoro ndoo, na kati ya vitu hivyo na dereva amebanwa mwanafunzi. Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya chombo hicho iko njiani tu, katika mwendo. Iko huko, sikatai. Lakini iko hatari nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya wakati pikipiki imesimama, mtu anapopanda au anaposhuka. Mimi niliijua kwa uchungu, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Mpaka leo mizigo ni kazi kubwa ya mahali hapo. Huchukuliwa kichwani, kwa mkokoteni, kwa guta na kwa pikipiki. Guta lina magurudumu matatu. Mkokoteni una mawili, lakini yako ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo vyombo hivyo haviangukii ubavu kwa urahisi. Magurudumu ya pikipiki yamefuatana, moja mbele na moja nyuma. Ikiwa katika mwendo, dereva huirekebisha kwa kugeuza usukani kidogo kidogo, nayo hukaa wima. Ikisimama, msaada huo hakuna tena. Kilichobaki ni stendi, au miguu ya dereva.

KWA NINI MZIGO HUIANGUSHA

Sisi tusomao Fizikia twajua ya kuwa kila kitu kina kitovu cha uzito, na kitovu kikiwa juu, kitu hupinduka upesi. Tuchukue mfano. Pikipiki ina kilo 120, na kitovu chake kiko sentimita 50 kutoka chini. Tuipakie kilo 60 nyuma, ambazo kitovu chake kiko sentimita 110 kutoka chini. Ukipiga hesabu utaona kitovu cha vyote viwili kimepanda hadi sentimita 70.

Sasa pikipiki hiyo iinamishwe nyuzi 5 tu, na dereva aizuie kwa usukani ulio mita 1 kutoka chini. Atatumia nguvu kama ya kuinua kilo 11. Mtu mzima aweza. Lakini ikifika nyuzi 30, itamtaka nguvu ya kuinua kilo 63, na hizo ni zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50! Bila mzigo ingekuwa kilo 5 kwanza, na kilo 30 baadaye. Kwa hiyo kazi yote ni kuizuia mapema, ingali karibu na wima. Ikiisha kulala, ni vigumu mtu mmoja kuirudisha.

Asiyesadiki na afanye jaribio hili. Chukua maboksi mawili ya chaki yaliyo matupu. Katika la kwanza weka jiwe chini kisha ujaze karatasi juu. Katika la pili jaza karatasi chini, na jiwe liwe juu. Yasimamishe wima juu ya ubao, kisha inua ubao upande mmoja polepole. Lenye jiwe juu litatangulia kuanguka.

JINSI YA KUPANDA

Kwanza, mahali. Pikipiki isimamishwe mahali pagumu na palipo sawa. Udongo wa bonde letu la Msimbazi hulainika kwa mvua, na lami hulainika kwa jua kali, na stendi ya pembeni huzama polepole. Yafaa kuweka kipande cha ubao au jiwe bapa chini yake. Injini ikiwa imezimwa, itiwe gia ya kwanza ili isitembee.

Pili, mzigo. Kizito kiwe chini, chepesi kiwe juu. Uzito wa kushoto ulingane na wa kulia, na vyote vikazwe kwa kamba au mipira ya tyubu.

Tatu, dereva. Yeye hutangulia kupanda, kutoka upande wa kushoto iliko stendi. Ashike usukani kwa mikono miwili na kubana breki ya mbele. Asirushe mguu kwa nyuma, maana utagonga mzigo. Akunje goti na kuupitisha mbele ya mzigo, juu ya kiti. Wala asisimame juu ya kikanyagio cha kushoto kama apandaye farasi, kwa sababu uzito wote utaiangukia stendi. Akiisha kukaa, miguu yote miwili chini, anyooshe usukani, kisha aisimamishe pikipiki kwa kusukuma kwa mguu wa kushoto, si kwa kuvuta kwa mikono. Ndipo aikunje stendi.

Nne, abiria. Angoje mpaka aambiwe. Apande kutoka kushoto, kwa sababu mbili. Nchini kwetu magari hupita kushoto, basi upande huo ndio wa ukingo wa barabara. Tena bomba la moshi mara nyingi liko kulia, nalo huunguza mguu. Aweke mkono begani mwa dereva, apande taratibu bila kuruka, akae akitanua miguu. Sisi wasichana hupenda kukaa upande kwa ajili ya sketi. Tabia hiyo haifai, maana miguu yote miwili huwa upande mmoja. Na wote wawili wavae kofia ngumu, kama sheria inavyotaka.

JINSI YA KUSHUKA

Mambo hugeuzwa kinyume. Abiria hutangulia, dereva akiwa amekanyaga chini kwa miguu miwili na kubana breki. Kisha dereva ateremshe stendi, aisukume mpaka mwisho na kuiangalia kwa macho, asikisie. Ailaze pikipiki juu yake polepole, ndipo apitishe mguu. Mzigo ufunguliwe baadaye, uanzie kushushwa juu.

Na ikiwa inaanguka? Ikiwa imekwisha kulala sana, iachie, uondoe mguu wako. Kioo na mkono wa breki hununuliwa dukani. Kisha itaneni watu, fungueni mzigo, ndipo muiinue.

YALIYONIPATA

Mjomba wangu ni dereva wa pikipiki Kariakoo. Siku ya kufungua muhula uliopita alikuwa ananileta shuleni. Alifunga tranka langu lililojaa vitabu, na godoro juu yake. Akapanda, akaisimamisha pikipiki, akaanza kuikunja stendi. Akaniambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Mimi niliona nimechelewa. Nikakanyaga kikanyagio cha kushoto, nikaruka. Pikipiki ikalala kushoto, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado hewani. Ikamwangukia. Haikuwa imekwenda hata hatua moja.

Mfupa wa muundi ulivunjika. Alifungwa plasta, akakaa nyumbani wiki nane. Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa akipeleka hesabu kwa tajiri kila siku, basi ikapewa dereva mwingine. Nilipokwenda kumwangalia nikamwambia, "Shikamoo mjomba, unisamehe." Akajibu, "Marahaba. Nimekwisha kusamehe. Lakini wenzako wafundishe." Ndiyo sababu nimeandika makala hii.

Wazazi wapenzi, nawaombeni jambo moja. Siku ya kufungua shule, tranka lipande pikipiki peke yake, na mtoto aje kwa daladala au kwa miguu. Kutoka Kariakoo mpaka Jangwani si mbali. Nanyi wanafunzi wenzangu, dereva akisema ngojeni, ngojeni.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika ni la mjomba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne