KIINUA MGONGO CHA WAENDAO KAZINI NG'AMBO

Watu wa mwambao wa Malindi na Kilifi si wageni wa kazi ya mapatano. Zamani za majahazi baharia hakupewa mshahara wa mwezi. Alingoja safari iishe, nahodha akatoa gharama za chombo, kisha kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu. Baharia aliyeijua hesabu ya mafungu aliteremka pwani na haki yake kamili. Asiyeijua alipokea alichopewa akashukuru. Baadaye, wakati wa ukoloni, sheria ya Kenya ilikubali kazi ya tikiti: kibarua alitimiza siku 30 za kazi, zikiandikwa moja moja katika tikiti yake, ndipo akapokea ujira.

Siku hizi jahazi limegeuka kuwa ndege, na tikiti imegeuka kuwa mkataba wa miaka miwili au zaidi. Vijana wa Kaloleni, Ganze, Mambrui na Watamu huenda Saudia, Katari, Omani na Falme za Kiarabu kuwa walinzi, madereva, wapishi, watumishi wa hoteli na wa nyumbani. Walimu nao wamo. Kuanzia mwaka 1961 walimu kutoka Marekani waliletwa Afrika Mashariki kwa mikataba ya miaka miwili, wakapitia Makerere kwanza kujifunza desturi za shule za huku. Sasa maji yamerudi yalikotoka: mwalimu wa Kenya naye huitwa nje kufundisha Kiingereza, katika shule za binafsi za Ghuba na hata katika nchi jirani kama Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua kufundishia Kiingereza mahali pa Kifaransa.

Jambo moja, hata hivyo, limebaki kama lilivyokuwa melini: mwisho wa safari kuna hesabu, na yafaa kila msafiri aijue kabla tanga halijatwekwa.

MAANA YA KIINUA MGONGO

Mtu aliyeinamia kazi miaka mingi hupewa kitu cha kumwezesha kusimama wima tena. Hicho ndicho kiinua mgongo. Si mshahara, kwa kuwa mshahara ni malipo ya mwezi uliokwisha. Wala si pensheni, kwa kuwa pensheni huja mwezi baada ya mwezi mpaka mtu afe, na kiinua mgongo huja mara moja tu, mkataba unapokwisha. Tena si zawadi ya tajiri. Ni deni lililowekwa na sheria, nalo hukua kila mwaka mfanyakazi akiwa kazini.

Katika nchi za Ghuba deni hili lina maana kubwa zaidi, kwa sababu mgeni wa Kiafrika haingizwi katika pensheni ya wenyeji. Akiondoka, kiinua mgongo ndicho kitu pekee ambacho sheria imemwekea kwa ajili ya siku za baadaye.

SHERIA ZA NCHI MBALIMBALI

Sheria hizi hazilingani. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya kazi iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022 yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja atapata mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Jumla yake haiwezi kupita mshahara wa miaka miwili, na mwajiri ameamriwa kulipa katika muda wa siku 14.

Katika Saudia mfanyakazi hupata nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka baada ya hapo. Katika Katari ni mshahara wa msingi wa majuma yasiyopungua matatu kwa kila mwaka, naye mtumishi wa nyumbani amepewa haki hiyohiyo kwa sheria ya mwaka 2017. Katika Omani, sheria ya mwaka 2023 imeweka mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka.

Mtumishi wa nyumbani aliye Saudia na aangalie sana. Yeye hayumo katika sheria ya kazi ya wengine, bali ana kanuni zake, nazo humpa mshahara wa mwezi mmoja akiisha kutimiza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo dada wawili wa nyumba moja, mmoja aliye Doha na mwingine aliye Riyadh, wakifanya kazi ileile kwa miaka mitatu, mmoja atarudi na kiinua mgongo cha majuma tisa na mwenzake atarudi bila kitu, na wote wawili watakuwa wametendewa kwa sheria.

MSHAHARA WA MSINGI

Chukuliwe mfano wa mwalimu wa kike wa Takaungu aliyepata kazi ya kufundisha Kiingereza katika Falme za Kiarabu. Amekwenda kwa mjomba wake kuaga, na mkataba anao mkononi.

"Mjomba, ni dirhamu 7,000 kwa mwezi," asema.

"Alhamdulillahi. Nisomee mstari kwa mstari, mwanangu."

Basi asoma: mshahara wa msingi 4,000, posho ya nyumba 2,000, posho ya safari 1,000.

"Kumbe mshahara wako ni 4,000," asema mzee. "Hizo nyingine ni za kulala na za kupanda gari. Na ukitoka huko, utapimiwa kibaba kwa ipi?"

Swali la mzee ndilo swali lenyewe. Siku 21 za mshahara wa msingi wa dirhamu 4,000 ni dirhamu 2,800. Kwa miaka minne ni dirhamu 11,200. Kama dirhamu 7,000 zote zingaliandikwa kuwa mshahara wa msingi, kila mwaka ungalimpa 4,900, na miaka minne ingalimpa 19,600. Tofauti ni dirhamu 8,400, nayo imetokana na namna ya kuandika tu. Kwa hiyo mwenye kupatana asishindanie jumla peke yake. Na ashindanie pia ule mstari wa kwanza, kabla hajatia sahihi.

NAMNA YA KUONDOKA

Hata mwenye hesabu nzuri aweza kuipoteza siku ya kuondoka. Katika Saudia, mtu aliyefikisha mwisho wa mkataba wake, au aliyeondolewa na mwajiri pasipo kosa kubwa, hulipwa kiinua mgongo kizima. Lakini aliyejiuzulu mwenyewe hukatwa. Akiwa hajatimiza miaka miwili hapati kitu. Kati ya miaka miwili na mitano hupata theluthi moja, kati ya mitano na kumi hupata theluthi mbili, na akitimiza kumi hupata chote. Mwanamke anayeacha kazi katika miezi sita baada ya kuolewa, au katika miezi mitatu baada ya kujifungua, hupata chote bila kukatwa.

Mtu mwenye mshahara wa riyali 5,000 akimaliza miaka minne ya mkataba wake atalipwa riyali 10,000. Mwenziwe aliyeandika barua ya kujiuzulu katika muda uleule atalipwa 3,333. Hasira ya siku moja yaweza kula riyali zaidi ya 6,000. Katika Falme za Kiarabu makato ya namna hii yaliondolewa na ile sheria iliyoanza mwaka 2022. Hata hivyo, siku za kutokuwapo kazini bila malipo hazihesabiwi katika utumishi.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yaagiza kwamba mkataba wa kufanya kazi nje ya nchi uandikwe, utiwe sahihi, na uthibitishwe na Afisa wa Kazi. Afisa huyo hapaswi kugonga muhuri tu. Yampasa kuhakikisha ya kuwa mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa wala kulazimishwa, na kwamba amefahamu masharti. Anayemshawishi mtu atoke Kenya kwenda kazini bila mkataba wa namna hiyo ametenda kosa. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo yenye kuandikisha mawakala. Ni vema kuuliza kama wakala ameandikishwa kabla ya kumpa hata senti moja.

Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza na usomwe mbele ya mtu ajuaye lugha zote mbili. Katika Malindi, Mambrui na Takaungu watu hao hawakosekani. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mzazi au ndugu mwaminifu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KABLA YA KUTIA SAHIHI YA MWISHO

Siku za kuondoka zinapokaribia, mfanyakazi huletewa karatasi isemayo kwamba amekwisha kupokea haki zake zote na hana dai lolote. Karatasi hiyo isitiwe sahihi kabla fedha hazijaonekana, wala isitiwe sahihi na mtu asiyeweza kuisoma. Mfanyakazi aweke hati za mshahara za miezi yote, tarehe ya kuanza kazi, na barua zote alizoandikiwa.

Akidhulumiwa, na apeleke malalamiko kwa Wizara ya Kazi ya nchi ile angali yuko kule, na aujulishe ubalozi wa Kenya. Asiseme atadai akifika nyumbani. Katika Saudia na Katari dai la kazi hupewa muda wa mwaka mmoja tangu utumishi kwisha, na mwaka haumngoji mtu aliyekwisha kurudi Kilifi kulima mihogo.

KIINUA MGONGO NA PENSHENI

Hapa ndipo wengi hukosea. Fedha za mwisho wa mkataba hufika kwa mkupuo, na mkupuo hufanana na bahati. Huolewa kwazo, hununuliwa pikipiki kwazo, na baada ya mwaka hazipo. Lakini na zipimwe kwa mizani ya haki.

Katika Kenya, mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu na kuingia katika mpango mpya wa pensheni, ulioanza tarehe 1 Januari 2021, sasa hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi, na Serikali humwongezea asilimia 15. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000 huongezewa shilingi 6,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka, na 288,000 kwa miaka minne, mbali ya faida.

Basi yule mwalimu wa Takaungu, ikiwa aliacha kazi ya namna hiyo, atarudi na dirhamu 11,200. Dirhamu moja ikibadilishwa kwa shilingi 35, hizo ni shilingi 392,000. Karibu robo tatu ya fedha hizo si faida ya safari hata kidogo, bali ni mahali pa pensheni aliyoiacha nyumbani. Akizila, amekula uzee wake. Naye mwalimu ambaye hakuwa ameajiriwa bado hakuacha pensheni. Lakini uzee wake pia unakuja, wala hana mwingine wa kumwekea.

Nchi nyingine zina utaratibu mwingine. Afanyaye kazi Uingereza huchangia bima ya taifa hata akiwa mgeni, lakini asipotimiza miaka 10 ya michango hapati pensheni ya serikali. Kwa mkataba mfupi, huko nako mtu aweza kurudi mikono mitupu.

Dawa yake ni kuchangia nyumbani wakati mtu yuko nje. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, hupokea michango ya hiari, na aliyekuwa mwanachama aweza kuendelea kuchangia kwa nambari yake ileile. Wengine hujiwekea katika vyama vya akiba na mikopo. Njia ni nyingi. Jambo la lazima ni kwamba kiasi fulani kitengwe kila mwezi kabla mshahara haujagawanywa, na kwamba kiinua mgongo kikifika kikute kibaba kimekwisha kuanza kujaa.

HESABU YA KUJIPIMA

Mlinzi wa Ganze amefanya kazi Saudia miaka 6 kwa mshahara wa riyali 1,800. Atalipwa nini mkataba wake ukiisha bila kufanywa upya na mwajiri? Na atalipwa nini akijiuzulu mwenyewe?

Jibu: Miaka mitano ya kwanza ni riyali 900 mara tano, yaani 4,500. Mwaka wa sita ni 1,800. Jumla ni riyali 6,300. Akijiuzulu mwenyewe atapata theluthi mbili, yaani riyali 4,200. Msomaji mwenye ndugu aliye ng'ambo na amwandikie leo, amwulize mambo matatu: mshahara wake wa msingi ni kiasi gani, alianza kazi tarehe gani, na nakala ya mkataba wake iko wapi.