Kabla Hujanunua Kamera

Fundi anayenishonea nguo, pale Magomeni, husikiliza podikasti yetu huku anafanya kazi. Simu anailaza juu ya meza ya cherehani, kioo kikitazama chini, na mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Miezi michache baada ya sisi kuanza kurekodi kwa video, nilikwenda kuchukua gauni akaniambia: "Dada, bado nawasikiliza. Lakini siku hizi mnacheka, wala hamsemi mnachekea nini."

Niliporudi nyumbani nilifungua kipindi cha wiki ile, nikaigeuza simu, nikasikiliza kama yeye. Katikati ya mazungumzo, mvuvi tuliyemwalika alionyesha kwa mikono ukubwa wa samaki aliyewahi kumvua. Sisi tukaangua kicheko, na kwa muda mrefu msikilizaji hakuwa na chochote ila vicheko na mikwaruzo ya viti. Kisha mtangazaji mwenzangu akasema "kama hivi?", naye akajibu "siyo hivyo, hivi." Fundi wangu alikuwa akitupata kwa YouTube. Kwenye hesabu zetu alikuwa mtazamaji, na hakutazama hata sekunde moja.

Nimeanzia hapo kwa sababu swali la video au sauti tupu huwafikia watayarishaji wengi likiwa limeshajibiwa na takwimu za mbali. Neno lenyewe, podikasti, lilizuka mwaka 2004, na mwaka 2005 Apple ikaziingiza podikasti kwenye iTunes. Wakati ule ilikuwa ni faili la sauti ambalo mtu alilipakua akatembea nalo. Februari 2025 YouTube ikatangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi hutumia podikasti kwenye jukwaa lake. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, ni rahisi kwenda kukopa hela ya kamera kesho yake. Lakini tarakimu ile inasema mtu alibonyeza wapi. Haisemi macho yake yalikuwa wapi baada ya hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua macho ya watu wako yako wapi. Usiwaulize kama wanapenda video au sauti. Swali hilo lina jibu la adabu: wengi watasema video, kwa kuwa video inaonekana ni kazi kubwa zaidi na hawataki kukuvunja moyo. Waulize walichofanya. Chukua watu ishirini wanaokuandikia mara kwa mara, watumie ujumbe wa WhatsApp wenye maswali matatu: mara ya mwisho ulipotusikiliza ulikuwa wapi, mikono yako ilikuwa inafanya nini, na simu ilikuwa wapi? Waombe wajibu kwa sauti, kwa maana mtu akizungumza huongeza mambo ambayo asingeyaandika. Sisi tulipata mpishi wa chapati, mlinzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori, na wanafunzi wawili wanaotazama pamoja kitandani kwa simu moja. Wanafunzi hao ndio pekee waliokumbuka rangi ya ukuta wetu.

Kisha ingia YouTube Studio uangalie mambo mawili, ukiiacha idadi ya waliofungua. La kwanza ni aina ya kifaa. Kama sehemu kubwa ya muda wako unatoka kwenye runinga, una watu waliokaa sebuleni na picha inawahusu. La pili ni ule mchoro unaoonyesha watu wanakuachia dakika ya ngapi. Usikilize upya mahali mstari unaposhuka, ukiwa umefumba macho. Kwetu ulishuka pale pale penye samaki.

Baada ya macho, fikiria bando. Saa moja ya mazungumzo, ukiihifadhi kwa sauti ya mkondo mmoja yenye ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29. Sauti ya mtu inatosha kabisa hapo, na huhitaji mikondo miwili kama ya muziki. Saa hiyo hiyo kwa video ya 480p hula mamia ya MB, kwa kawaida kati ya 400 na 600. Mtu anayenunua kifurushi cha siku ataimaliza ile ya kwanza na abaki na salio la kumjibu mama yake. Halafu kuna jambo ambalo mtayarishaji mwenye Wi-Fi ofisini hulisahau: katika sehemu kubwa ya dunia, YouTube ya bure kwenye simu hunyamaza ukizima kioo. Msikilizaji wako wa bodaboda analazimika kuacha kioo kikiwaka mfukoni, chaji ikiisha, ili asikie sauti tu.

Kwa sababu hiyo, hata ukiamua video, usiiache sauti bila makazi yake. Huduma nyingi za kuhifadhia podikasti hukupa mlisho wa RSS, na ukishausajili Spotify na Apple Podcasts, kila kipindi kipya hufika huko chenyewe. Spotify ilifunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, lakini wasikilizaji wetu wengi hawana na hawaoni haja yake. Wao tunawatumia faili lenyewe kwa WhatsApp, kama hati, ndani ya kundi. Analipakua mara moja penye mtandao mzuri, analisikiliza shambani, anamtumia shemeji yake. Hilo la shemeji halitaonekana kwenye takwimu yoyote, na ndilo lililotuletea wasikilizaji wa Kigoma.

Sasa ufundi wenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo. Sisi ni watu tuliolelewa na redio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na vizazi vya Wakenya na majirani zao wakaiona mitaa na tabia za watu kupitia sauti yake. Tanzania nayo ilianza kurusha mchezo wa redio wa "Twende na Wakati" mwaka 1993, na watu wakawafahamu wahusika ambao hawajawahi kuwaona sura. Msikilize mtangazaji wa mpira wa redioni na yule wa runingani siku ya mechi moja. Wa runingani anaweza kunyamaza mpira ukitembea, maana unauona. Wa redioni lazima akwambie nani anao, upande gani, beki amesimama wapi, jukwaa limefanya nini. Amebeba macho yako.

Mwendesha podikasti ya video anapaswa kutangaza kama wa redioni. Likitokea jambo la kuonekana, litaje. Pale kwenye samaki ilitosha mwenzangu kusema: "Mzee ametanua mikono yote miwili, huyo samaki ni pima nzima!" Sentensi moja, na fundi wa Magomeni angecheka pamoja nasi. Mtazamaji naye hapotezi chochote, bali anapata neno la kukumbuka. Mgeni akitoa picha ya zamani, msomee msikilizaji: nani amesimama, amevaa nini, nyuma kuna jengo gani. Maneno kama "hapa", "hivi" na "kile" yakitoka, mwulize mgeni kwa upole: hapa wapi? Baada ya vipindi vitatu utaona wageni wenyewe wanaanza kueleza vizuri zaidi. Kabla ya kutoa kipindi, mmoja wenu akisikilize chote huku anaosha vyombo. Akilazimika kukausha mikono ili aangalie kioo, hapo pana kasoro ya kurekebisha.

Zipo podikasti ambazo bila video zinapoteza roho yake. Mapishi, ususi, kufunga kilemba, kuchonga, kueleza ramani au picha za kale. Ukifanya hizo kwa sauti tupu unamnyima mtu kile alichokujia. Wapo pia viziwi, ambao tunawasahau kila mara tunapoisifu sauti. Video yenye manukuu yaliyohaririwa vizuri ndiyo mlango wao, na kama huna video, chapisha basi maandishi kamili ya mazungumzo. Nasema yaliyohaririwa kwa sababu manukuu ya mashine huharibu Kiswahili vibaya, hasa majina ya watu na ya mahali.

Kwa mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa, faida kubwa ya picha niliyoiona ni kuwavuta wasikilizaji wapya. Klipu ya sekunde 40 hadi 60 yenye sentensi moja nzito humfikia mtu ambaye hajawahi kukusikia. Lakini klipu mbili kwa kipindi hazihitaji kamera tatu.

Fedha zako za kwanza ziende kwenye sauti. Mtu atavumilia picha yenye giza, ila hatavumilia mwangwi. Kila msemaji awe na maiki yake, umbali wa ngumi moja na nusu kutoka mdomoni. Chagua chumba chenye mapazia, zulia na godoro. Kabati lililojaa nguo husaidia kuliko vifaa vingi vya dukani. Zima feni, zima friji, na kama paa ni bati tupu, uwe na siku ya akiba kwa ajili ya mvua. Kamera iwe simu uliyonayo, lenzi ya nyuma, kwenye stendi, dirisha likiwa mbele ya mgeni na siyo nyuma yake. Sauti uirekodi kando kwa kifaa chake, na mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalilinganisha kofi la picha na la sauti, na vitu viwili vitaenda pamoja.

Gharama inayowashtua watu iko kwenye uhariri. Kwa sauti tupu, mazungumzo ya dakika 70 nayapunguza hadi 45, natoa kikohozi, natoa hadithi iliyorudiwa, wala hakuna anayejua. Kwa kamera moja, kila ninapokata kichwa cha mgeni kinaruka. Ama uweke kamera ya pili ya kufichia mikato, ama uache mengi yalivyo. Kazi iliyokuwa ya siku moja ikawa ya siku tatu, na wiki ambazo hatukuzipata siku tatu hizo hatukutoa kitu. Hapo ndipo tulipowapoteza watu. Jumanne yetu ya kutoa kipindi ikipita bila kipindi inauma kuliko ukuta usio na rangi.

Kwa hiyo jiwekee majaribio ya vipindi vinane. Vinne vitoke kwa video nzima, vinne kwa sauti na picha moja ya jalada, vyote siku ile ile ya wiki na urefu ule ule. Mwishoni linganisha jumla ya saa zilizosikilizwa, waliofika mwisho, na saa zako mwenyewe za kazi. Andika pia kila msikilizaji mpya amesema alikupataje. Sisi baada ya hapo tulibakiza video nzima kwa vipindi vya mafundi wanaoonyesha kazi, vingine vyote sauti na klipu mbili. Matokeo yako yanaweza kuwa kinyume kabisa, nayo yatakuwa sahihi kwa watu wako. Ukiwa Tanzania, kabla hujajitanua ulizia Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kama kazi yako inahitaji leseni chini ya kanuni za maudhui mtandaoni, maana kanuni hizo zimebadilika zaidi ya mara moja tangu mwaka 2018.

Limebaki la mgeni. Hadhira huulizwa inapenda nini, lakini anayeketi mbele ya maiki haulizwi. Tulimwalika mama mmoja azungumzie miaka aliyoishi na fistula kabla ya kutibiwa. Alipokubali kwa simu alikuwa mchangamfu. Alipofika akaiona kamera, akavuta mtandio, na kila swali akalijibu kwa maneno manne au matano. Baada ya robo saa mwenzangu alisimama, akaichomoa simu kwenye stendi, akaiweka kwenye droo mbele ya macho ya mama. Mama akaomba chai. Halafu akazungumza saa nzima, na mahali fulani akanyamaza kwa muda, nasi tukakiacha kimya chake kama kilivyo. Kipindi kilitoka kwa sauti tupu, kwa jina alilolichagua mwenyewe. Tangu siku ile swali la kamera naliuliza kwa simu, siku mbili kabla, mgeni akiwa bado kwake.