Anwani ya Mtandaoni ni Mali ya Klabu: Maswali na Majibu

Barua kutoka kwa klabu za huduma za Nakuru na viunga vyake huuliza sana kuhusu rangi za tovuti na nembo. Hayo nimeyaacha. Nimejibu yale yanayoamua kama klabu itapatikana mtandaoni baada ya viongozi wa sasa kuondoka.

Tuna kundi la WhatsApp na kila mradi tunauweka huko. Kuna haja gani ya kitu kingine?
*(Katibu, Njoro, barua za Molo, Bahati na Naivasha zinauliza lilo hilo)*

Hakuna dhana inayozidhuru klabu zetu kuliko hii. Kundi la WhatsApp ni mahali pa wanachama kuzungumza wao kwa wao. Halipokei zaidi ya watu 1,024, Google haioni kilichoandikwa ndani yake, na mkiweka tangazo kwenye status linatoweka baada ya saa 24. Mama wa mtaa wa Rhonda anayetafuta kambi ya macho, mwalimu mkuu wa Subukia mwenye uhaba wa madawati na Mkenya aliyeko Doha anayetaka kusaidia nyumbani, wote hawawezi kuwafikia, kwa sababu hawamjui mtu wa kuwaingiza kwenye kundi. Klabu inayojulikana na wanachama wake peke yao haijaingia mtandaoni, hata wakiandikiana usiku kucha.

Fikirini yaliyotokea katika kaunti hii. Bwawa la Patel lilipasuka Solai usiku wa 9 Mei 2018 likaua watu wasiopungua 47. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yalizoa nyumba na watu Mai Mahiu. Katika misiba ya namna hiyo, mtu wa mbali anayetaka kuchangia hujiuliza ni nani aliye karibu na waathiriwa na anayeaminika. Jibu hutoka katika kumbukumbu zilizokuwapo kabla ya msiba: miradi iliyokamilika, hesabu zilizosomwa, majina ya maofisa. Ukurasa uliofunguliwa siku ya tatu ya maafa, hata ukiwa wa watu waadilifu, hauna cha kuutofautisha na wa tapeli.

Wapo wanaopinga kwamba watu wa mashinani hawana bando. Hoja hiyo inatufundisha kutengeneza ukurasa mwepesi, wenye maneno mengi kuliko picha na usio na video inayojicheza yenyewe. Haitufundishi kukaa kimya. Mmoja mwenye simu akiisoma tarehe ya kambi ya macho, majirani zake watapata habari. Kundi la WhatsApp libaki kwa shughuli za ndani.

Fundi aliyetutengenezea tovuti hapokei simu na anwani imekufa. Tufanyeje?
*(Barua tatu, mbili zinasema ukurasa wa Facebook umebaki kwa mwenyekiti wa zamani)*

Chanzo ni kimoja: mali ya klabu iliandikwa kwa jina la mtu. Rotary na Lions huanza mwaka wao wa uongozi tarehe 1 Julai, na maofisa hubadilika. Utaratibu huo ni mzuri, lakini neno la siri lililo kichwani mwa mtu huondoka naye. Anwani za .ke zinasimamiwa na KENIC na husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa; .or.ke imetengewa mashirika yasiyotafuta faida. Mwandikieni wakala mkiambatanisha cheti cha usajili wa klabu na kumbukumbu za kikao, mwombe jina la mmiliki libadilishwe. Kuanzia hapo, mmiliki awe klabu, baruapepe ya usajili ifikiwe na maofisa wawili, na ada ya kila mwaka iingie kwenye bajeti. Facebook nayo itumieni kwa ukurasa wenye wasimamizi watatu, si kwa akaunti ya mtu, ambayo hukomea marafiki 5,000. Mtasema fundi ni kijana wetu, mwaminifu. Na awe hivyo. Mwaminifu pia huhama, huugua na hufa.

Wahisani wanataka picha za watoto tuliowapa viatu. Tuziweke?

Msiziweke bila idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hata bila faini, umaskini wa mtoto si tangazo la klabu. Mhisani anayetaka ushahidi aonyeshwe tangi lililojengwa, stakabadhi za ununuzi na hesabu za mwaka.

Mweka hazina anaweza kuweka nambari yake ya M-Pesa kwa muda?

Hapana, hata kwa siku moja. Jina linalojitokeza kabla ya mchangiaji kuthibitisha malipo liwe la klabu.

Kuna kijana anatuuzia wafuasi 5,000.

Msinunue. Wafuasi wa kubuni hawatoi damu wala hawapandi miti.

Tunakutana hotelini. Tujiweke kwenye ramani ya Google hapo?

Kanuni za Google haziruhusu mkutano kuorodheshwa mahali ambapo wenye mkutano hawapamiliki wala kupawakilisha. Andikeni siku, saa na ukumbi kwenye ukurasa wenu.

Hatuna fedha. Tuanzie wapi?

Anzeni na ukurasa mmoja wenye mambo matano: jina kamili na usajili wa klabu, maofisa wa mwaka huu na vyeo vyao, siku na mahali pa mkutano, miradi mitatu iliyokamilika pamoja na gharama zake, na nambari ya simu ya klabu inayopokelewa. Kisha ongezeni kipengele kimoja kwenye ajenda ya makabidhiano: maneno ya siri na hati za umiliki zikabidhiwe pamoja na kitabu cha hundi, na mpokeaji atie sahihi. Klabu ambayo haijafanya hivyo kufikia 30 Juni isitumie hata shilingi moja kwa tovuti mpya.